Je, anayekoroma ana usingizi wa pono?

Nilipokuwa mdogo nililala chumba kimoja na baba mdogo, na nilimwonea wivu. Akishaweka kichwa kwenye mto, anakoroma mpaka bati linaitikia. Nyumbani tulisema huyu ana usingizi wa pono. Mchana wake ndio ulikuwa kitendawili. Kwenye drafti aliinua kizibo cha soda, macho yakalegea, na kizibo kikabaki hewani. Mpinzani akikohoa, anazinduka na kucheza kama kawaida. Tukamwita mvivu.

Tulikosea yote mawili. Mkoromo ni sauti ya hewa inayopenya mahali pembamba. Hausemi lolote kuhusu uzito wa usingizi. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Mwenye apnia ya kuziba, yaani ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini kwa koo kujifunga, ulimi na nyama laini za nyuma ya kinywa humfunga njia kabisa. Kama umewahi kunywa dafu kwa mrija wa karatasi uliolowa unajua: kadiri unavyovuta ndivyo unavyobanana. Kifua kinavuta, hewa haipiti. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, madaktari wanahesabu tukio moja. Oksijeni ya damu inashuka, ubongo unashtuka na kumzindua mwenyewe kwa sekunde chache, misuli ya koo inakaza, njia inafunguka, hewa inaingia kwa kishindo. Kisha analala tena. Matukio 30 kwa saa huhesabiwa kuwa hali kali, yaani kushtuliwa kila dakika mbili usiku kucha. Pono gani huyo?

Kwa hiyo cha kutisha kilikuwa kile kimya katikati ya kelele, ambacho mimi nilikifurahia.

Hata baada ya kuufahamu ugonjwa, nilidhani unafanya akili iwe nzito muda wote, kama lori lililopakia matofali. Vipimo vinaonyesha jambo la ajabu zaidi. Kimoja kinachopendwa na watafiti ni hiki: unakaa dakika 10 mbele ya skrini, namba ikitokea unabonyeza. Aliyelala vizuri hubonyeza kwa takriban robo sekunde. Mwenye apnia anaweza kujibu vizuri mara kadhaa, halafu ghafla anapitwa kwa nusu sekunde, sekunde nzima, au hajibu kabisa. Kisha anarudi.

Fikiria redio ya betri yenye waya uliolegea. Sauti haijapungua, ila maneno yanadondoka. Ukisikiliza muziki huenda usione hasara. Yakisomwa majina ya waliofaulu, lako linaweza kuangukia palepale. Na redio yenyewe haijui kwamba ilikatika. Sasa mweke huyo nyuma ya usukani: basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliwalinganisha wenye shida hii na watu wazima walionyweshwa pombe, na katika baadhi ya vipimo vya wepesi wa kuitikia wagonjwa walikuwa wabaya kuliko waliofikia kiwango cha pombe cha asilimia 0.08 kwenye damu. Ni utafiti mmoja, na ni baadhi ya vipimo tu, lakini si wa kupuuza.

Kuhusu kumbukumbu na kufikiri kwa kina, ushahidi unapwaya. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2012, wenye watu zaidi ya 1,000, ulijaribu kwa miezi sita mashine inayosukuma hewa puani kupitia barakoa. Usingizi wa mchana ulipungua. Alama za vipimo vya akili hazikupanda sana. Wala si kila mgonjwa huathirika sawa: wapo wenye matukio mengi usiku na mchana wako macho kabisa.

Daktari akimpokea mtu wa namna hii, hupenda kumuuliza pia anayelala naye. Kuzinduka kwa sekunde chache hakuachi kumbukumbu. Ndiyo maana baba mdogo aliapa mpaka mwisho kwamba hajawahi kukoroma, na kwa upande wake hakuwa anadanganya.