Sufuri zinazopotea kwenye mraba

Chumba kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Fundi anataka kujua vigae vya sentimita 30 kwa 30 vitaingia vingapi. Anazidisha, anapata mita za mraba 12. Mita ina sentimita 100, kwa hiyo anaandika 1,200. Kigae kimoja ni 900. Anagawanya: kigae kimoja na theluthi. Chumba kizima!

Hapo hata mtoto atashtuka. Kwenye hekta na kilomita watu hawashtuki, kwa sababu eneo lenyewe halionekani kwa macho, na kosa lilelile hupita kimyakimya.

Dhana: "Mita ya mraba ina sentimita za mraba 100."

Mraba una urefu na upana, na vyote viwili vinabadilishwa. Chora mita moja kwa mita moja sakafuni, uigawe kwa sentimita: utapata safu 100, kila safu ina vimraba 100. Jumla 10,000. Chumba cha fundi wetu ni sentimita za mraba 120,000, na vigae ni 134, kabla ya kuhesabu vitakavyokatwa na vitakavyovunjika.

Ukitaka kuiona mita ya mraba bila kuchora, chukua karatasi za A4. Ukubwa wake umepangwa ili karatasi 16 zitoshe mita moja ya mraba. Ndiyo maana rimu huandikwa gramu 80 wakati karatasi moja ni nyepesi kama unyoya: hizo gramu 80 ni uzito wa mita nzima ya mraba. Gawanya kwa 16, karatasi moja ni gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu. Ipeleke kwenye mizani ya duka uone.

Shuleni tulikaririshwa ngazi ya km, hm, dam, m, dm, sm, mm. Ngazi hiyo bado inafaa. Kwa urefu, kila hatua ni sufuri moja. Kwa eneo, kila hatua ni sufuri mbili. Kutoka kilomita hadi milimita ni hatua sita, kwa hiyo kilomita moja ya mraba ina milimita za mraba 1,000,000,000,000. Trilioni nzima.

Dhana: "Kilo ni elfu, basi kilomita ya mraba ni mita za mraba elfu."

Kilo hushikamana na mita kwanza, ndipo mraba unaingia. Ni elfu mara elfu, yaani milioni moja. Anayechanganya watu hapa ni hekta. Wafaransa mwaka 1795 waliweka kipimo cha ardhi chenye mita za mraba 100, wakakiita *are* (kwa matamshi ya Kiswahili ni kama ari, ingawa hakihusiani na ari ya kazi). Hekta ni hizo mia moja, basi: 100 mara 100, mita za mraba 10,000. Kipimo chenyewe tayari ni cha eneo, kwa hiyo "hekto", yaani mia, haizidishwi mara mbili. Kwenye ngazi yetu hekta inakaa palepale penye hm (hektomita), hatua moja chini ya km. Hifadhi ya Serengeti ina kilomita za mraba 14,763. Ongeza sufuri mbili, ni hekta 1,476,300.

Na tahadhari ya lugha: "kilomita za mraba 5" si "mraba wa kilomita 5". Huo wa pili ni kilomita za mraba 25.

Dhana: "Waya wa 2.5 una unene wa milimita 2.5."

Namba hiyo ni eneo la shaba ukiukata waya na kuutazama kwa mbele: milimita za mraba 2.5. Kipenyo cha waya huo, ukiwa wa uzi mmoja, ni kama milimita 1.8. Mtu akiupima kwa vernia, kile kifaa cha kupimia unene, anadhani muuzaji kamwibia. Waya wenye kipenyo cha milimita 2.5 kweli ungekuwa na eneo la karibu 4.9, mara mbili ya alioagiza. Ukiongeza kipenyo mara mbili, shaba inaongezeka mara nne.

Dhana: "Ekari ni mita 70 kwa 70."

Hili ndilo linalogombanisha watu mashambani. Kwa Tanzania kipimo cha mazoea ni *hatua* 70 kwa 70, si mita. Hatua ndefu ya mtu mzima ni karibu yadi moja, na yadi 70 kwa 70 ni 4,900, wakati ekari ni yadi za mraba 4,840. Wazee hawakukosea sana. Lakini badilisha hatua ziwe mita, na unapata mita za mraba 4,900 badala ya 4,047. Tofauti ni viwanja viwili vya mita 20 kwa 20, na chenji inabaki. Ekari yenye umbo la mraba ina upande wa mita 63.6 hivi.

Kenya wana lao. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 huitwa thumni, yaani moja ya nane, ya ekari. Ni mita za mraba 464.5, thumni halisi ni karibu 506. Hati huandika kwa hekta, na aliyenunua "thumni" akisoma 0.0465 anahisi amedhulumiwa na mpimaji, kumbe ni jina tu lililokuwa kubwa kuliko kiwanja.

Dhana: "Simu imeandika E, imekosea."

Badili milimita za mraba 2.5 za ule waya ziwe kilomita za mraba, na kikokotoo kitaandika 2.5E-12. Si kosa. Maana yake ni 2.5 huku nukta ikisogezwa kushoto mara 12.

Kuna waliohitaji kwenda mbali zaidi. Mwaka 1942, wanafizikia wa Marekani waliokuwa wakichunguza viini vya atomi walibuni kipimo chao cha eneo na kukiita *barn*, yaani ghala la shambani, kwa utani kwamba kiini cha urani kwa chembe inayokilenga ni kikubwa kama ghala, hukikosi. Ghala hilo ni 1E-28 ya mita ya mraba. Bila ile E, ungeandika nukta na sufuri 27 kabla ya kuifikia moja.