Kwa nini rekodi ya upepo mkali zaidi duniani ilichukua miaka 14 kukubaliwa?

Aprili 10, 1996, kimbunga Olivia kilipiga kisiwa cha Barrow, kaskazini-magharibi mwa Australia, na anemomita (kifaa cha kupima kasi ya upepo) ya pale ikaandika kilomita 408 kwa saa. Kwa kasi hiyo, kila mita ya mraba ya ukuta unaoukabili upepo husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 800. Hata hivyo, Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) halikuitambua rekodi hiyo hadi mwaka 2010.

Kwanza, kifaa kilikuwa cha kampuni ya mafuta, si cha idara ya hali ya hewa. Pili, hesabu zilitia shaka. Upepo hupimwa kwa wastani wa dakika kadhaa, kisha kwa mpigo, yaani upepo wa ghafla, wa sekunde 3. Kwenye kimbunga, mpigo kwa kawaida huzidi wastani kwa mara moja na nusu hivi. Barrow wastani wa dakika 5 ulikuwa kilomita 176 tu, yaani mpigo ulikuwa mara 2.3 yake. Ukiona namba kama hizo unashuku kifaa kwanza: labda nguzo imeyumba, labda kuna kitu kimekigonga.

Lakini kifaa kilikuwa kizima, kimefungwa mita 10 juu ya ardhi kama kanuni inavyotaka, na kiliandika mipigo kadhaa ya zaidi ya kilomita 300. Wachunguzi wakahitimisha kuwa huenda kisulisuli kidogo kilikuwa kinazunguka ndani ya ukuta wa jicho la kimbunga, yaani duara la mawingu na upepo mkali linalozunguka kitovu chake kilichotulia.

Rekodi iliyovunjwa, kilomita 372, ilikuwa ya Aprili 12, 1934, juu ya Mlima Washington, Marekani. Huko adui wa kipimo ni barafu: ikiganda kwenye anemomita, kasi husomeka chini ya ilivyo. Kifaa kilipashwa moto kwa umeme, na bado mtu alilazimika kutoka nje na rungu kuibandua.

Tonado (kisulisuli kikubwa cha nchi kavu) ya Oklahoma, Marekani, ya Mei 3, 1999 ilikadiriwa kufikia takriban kilomita 480, ila kwa rada, ambayo husoma hewa iliyo juu, si ile inayogusa kifaa. Kwa hiyo inahesabiwa kando.

Mahali penye upepo usiokoma ni habari nyingine. Cape Denison, Antaktika, hewa baridi na nzito huteremka kwenye mteremko wa barafu hadi baharini karibu mwaka mzima. Kwetu, upepo wa kusini-mashariki hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, ukaongeza kasi kuelekea Ziwa Turkana. Ndiyo maana mitambo 365 ya umeme wa upepo, jumla megawati 310, ilijengwa karibu na Loiyangalani, Marsabit. Mitambo ya aina hiyo hujizima upepo ukifika kama kilomita 90 kwa saa, ili mapanga yasivunjike. Inachohitaji ni upepo wa wastani unaovuma usiku na mchana.