"Apatiwe ipasavyo": dhana potofu kuhusu mapendekezo ya tiba

Nafundisha wauguzi hapa Moshi. Kila mwezi wa saba, baridi ya mlima inaposhuka hadi watu wanavaa sweta juu ya sare, namkumbuka binti mmoja aliyekuwa mafunzoni. Alikuwa zamu ya usiku kwenye wodi ya watoto njiti, katika hospitali ambayo sitaitaja. Ukutani palikuwa na karatasi iliyowekewa nailoni: "Mtoto apatiwe joto la kutosha ipasavyo." Akaisoma mara mbili, akanigeukia. "Sista, apatiwe na nani? Na hiyo ipasavyo ni saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Aliyeiandika naye, nadhani, hakuwa nalo.

Dhana: Pendekezo likiwa pana na la kitaalamu, litamfaa kila mtu.

Muuguzi mwenye watoto kumi na wawili saa nane za usiku hana muda wa kufumbua fumbo. Anataka kujua nani afanye nini, kwa mtoto yupi, kuanzia lini, kwa muda gani. Linganisha ile karatasi na pendekezo la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2022 kuhusu huduma ya kangaruu: watoto wote njiti au waliozaliwa na uzito pungufu wabebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, saa 8 hadi 24 kwa siku, kuanzia mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa. Hilo unaweza kulikagua. Unapita wodini, unauliza huyu amebebwa saa ngapi leo, unapewa namba.

Nyuma yake kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika nchi tano, Tanzania ikiwemo, kwa watoto zaidi ya 3200 wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Waliobebwa mara tu baada ya kuzaliwa, waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12.0. Waliosubiri kwanza hali itulie walikuwa asilimia 15.7.

Dhana: Mabingwa wakikubaliana, huo ndio ushahidi.

Mabingwa tunawahitaji, ila makubaliano yao ni maoni ya wengi tu. Miaka mingi mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko aliwekewa dripu ya haraka, maji mengi kwa muda mfupi. Tulifundishwa hivyo, nasi tukafundisha hivyo, na ukiitazama inaingia akilini kabisa: mikono imepoa, damu haizunguki vizuri, basi jaza mishipa. Ndipo ukaja utafiti wa FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2011. Watoto 3141. Waliopewa dripu ya haraka ya maji ya chumvi, asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48. Waliopewa ya albumini, yaani protini ya damu, asilimia 10.6. Ambao hawakupewa dripu ya haraka, asilimia 7.3.

Nakumbuka ukimya wa darasani nilipoziandika namba hizo ubaoni mara ya kwanza. Mzee mmoja wa kazi alitoka nje, akarudi baada ya muda, akakaa bila kusema neno.

Lakini angalia: utafiti ule haukuhusisha watoto wenye upungufu wa maji kutokana na kuharisha, wala wenye utapiamlo mkali. Anayeandika tu "dripu ya haraka isitumike kwa watoto" ameharibu upande wa pili. Mtoto wa kuharisha aliyeishiwa maji, huyo dripu ndiyo itakayomwokoa.

Dhana: Uhakika wa ushahidi na nguvu ya pendekezo ni kitu kimoja.

Mfumo wa GRADE, wa kupima ushahidi na mapendekezo, unaotumiwa na Shirika la Afya Duniani, unavitenganisha. Uhakika wa ushahidi una ngazi nne: wa juu, wa kati, mdogo, mdogo sana. Pendekezo nalo ama ni thabiti, ama ni la masharti, na hapo zinapimwa pia faida na madhara, gharama, na anachokithamini mgonjwa mwenyewe. Ushahidi unaweza kuwa wa uhakika wa juu na pendekezo likabaki la masharti, kwa sababu faida ni ndogo na mzigo kwa familia ni mkubwa.

Kiswahili hapa kina mtego wake. Kwenye kikao cha harusi mtu husimama akasema "napendekeza mchango uwe laki moja", mwingine akacheka, mambo yakaendelea. Kwa masikio yetu, kupendekeza ni kuweka hoja mezani. Kwa hiyo "tunapendekeza" ikitafsiriwa kutoka mwongozo wa nje, agizo zito linafika wodini limelegea. Na "apewe" ya lazima huandikwa sawasawa na "apewe" ya hiari. Mimi nimeacha kubahatisha: lililo thabiti naandika "mpe", la masharti naandika "unaweza kumpa, baada ya kuzungumza na mzazi", kisha pembeni nataja nguvu ya pendekezo na uhakika wa ushahidi.

Dhana: Mwongozo ni sheria.

Hapana. Ukiwa na sababu ya kuukiuka, iandike kwenye faili la mgonjwa.

Ile karatasi ya njiti tuliiandika upya siku hiyohiyo, binti akishika kalamu. Tulikwama kwenye neno "mama". Mama wa kitanda cha dirishani alikuwa ametoka chumba cha upasuaji usiku uleule, hawezi hata kukaa. Tukiwa bado tunabishana, bibi yake mtoto, aliyetoka Kibosho na kanga mbili, alikwisha fungua vifungo vya blauzi na kunyoosha mikono. Binti akafuta "mama", akaandika "mama, baba au ndugu".