Wanablogu na sheria: dhana potofu zisizokoma kuletwa ofisini kwangu

Dhana: Asiye na kadi ya uandishi wa habari hana ulinzi wowote wa kisheria.

Ukweli: Hii ndiyo inayonichosha zaidi, kwa kuwa wateja wangu wa hapa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huja nayo wakiwa wameshafuta walichoandika na kumwomba radhi mtu ambaye hawakumkosea. Kifungu cha 23 cha Katiba ya 2006 kinampa kila mtu haki ya kutoa maoni yake kwa kauli, maandishi au picha, mradi aheshimu sheria, utulivu wa umma na maadili mema; hakuna kadi inayotajwa humo. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, inayosimamia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa ambao nchi yetu inafungwa nao tangu 1976, ilieleza mwaka 2011 kwamba uandishi wa habari ni kazi inayofanywa na watu wa aina nyingi, wakiwemo wanablogu. Maelezo hayo hayamfungi hakimu kama sheria inavyomfunga, lakini wakili asiyeyataja anamnyima mteja wake hoja nzuri.

Tofauti ipo, sikatai. Sheria ya uhuru wa vyombo vya habari ya Machi 2023 imewalenga wanataaluma, hivyo mwanablogu anayetaka kuficha jina la aliyempa habari atapata shida zaidi kujitetea. Kwangu mimi tofauti hiyo si ya haki: anayechunguza mkataba wa mgodi wa kobalti, akahakiki nyaraka na kumtafuta anayetuhumiwa ili ajibu, anafanya kazi ileile, na kinachostahili kulindwa ni kazi hiyo.

Dhana: Mwenye kadi hakamatwi.

Ukweli: Stanis Bujakera, mwanahabari anayejulikana nchi nzima, alikamatwa Kinshasa Septemba 2023 na hakutoka gerezani hadi Machi 2024.

Dhana: Aliyesambaza tu hana kosa.

Ukweli: Kifungu cha 360 cha Sheria ya Dijitali ya 2023 kinamwadhibu anayeanzisha na anayesambaza habari ya uongo dhidi ya mtu, na kifungo chake ni mwezi mmoja hadi sita. Ndiyo maana sichoki kuwaambia wateja wahifadhi nyaraka zenye tarehe pamoja na ujumbe waliomtumia mhusika kumwomba majibu, tena wasifute chochote kabla ya kuonana na wakili, kwani mlalamikaji huwa ameshapiga picha ya skrini.