4294967297: namba iliyomponza Fermat

Je, 4294967297 ni namba tasa? Kanuni za darasani za kutafuta vigawo hazikufikishi mbali hapa. Namba inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 zimetoka. Jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo 3 nayo imetoka. Baada ya hapo ni kujaribu namba tasa moja moja hadi kwenye kipeuo cha pili, ambacho kinazidi 65536 kidogo sana. Ziko 6542.

Namba hii ni 2³² + 1. Chukua 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, kisha ongeza 1: unapata 3, 5, 17, 257 na 65537, zote tasa. Mwaka 1640 Pierre de Fermat aliamini mfululizo huo utaendelea hivyo hivyo. Ya sita ndiyo hii yetu, na mwaka 1732 Leonhard Euler akaivunja: 641 × 6700417.

Siri ni kujua kigawo kinaweza kuwa wapi. Kila kigawo tasa cha 2³² + 1 lazima kizidi kigawe cha 128 kwa 1. (Euler alitumia 64, mwanahisabati Lucas, baada yake, ndiye aliyefika 128.) Orodha inaanza: 129, 257, 385, 513, 641. Ondoa zisizo tasa, zinabaki 257 na 641. Hata 257 haihitaji kujaribiwa: zidisha zile tano za Fermat upate 4294967295, pungufu ya namba yetu kwa 2 tu. Kigawo cha pamoja kingelazimika kuigawa 2, na zote ni witiri. Jaribio la kwanza, basi, ni 641.

Wala huhitaji kugawanya. 640 ni 5 × 2⁷, na ukiigawa kwa 641 baki ni −1, yaani imepungukiwa 1 tu kufika 641. Ipandishe kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ inabakiza 1. Lakini 5⁴ ni 625, yaani 641 − 16, kwa hiyo inahesabika kama −2⁴. Basi −2³² inabakiza 1, 2³² inabakiza −1, na ukiongeza 1 hakibaki kitu.

Je, 6700417 ni tasa? Kipeuo chake cha pili hakifiki 2589, na sharti la 128 linaacha namba tano tu: 257, 641, 769, 1153, 1409. Mabaki ni 170, 44, 120, 334 na 622. Ni tasa.

Kwenye kompyuta kuna mitego miwili. Hesabu ya biti 32 inaishia 4294967295 kisha inarudi 0, kwa hiyo 641 × 6700417 itakupa 1, bila onyo lolote. Wa pili ni mbaya zaidi: jaribio la Fermat kwa msingi wa 2 (pandisha 2 kwa kipeo cha namba yenyewe kasoro 1, kisha gawa kwa namba hiyo; kwa namba tasa isiyo 2 baki ni 1) litakuambia namba hii huenda ni tasa, kwa sababu 2⁶⁴ inabakiza 1 na 64 inagawanya kipeo chetu, 2³², kikamilifu. Tumia msingi wa 3. Hapo inaumbuka mara moja.