Forever Free si vita nyengine, jamani

Juzi barazani Mkunazini kijana mmoja kanambia kavisoma vitabu vitatu vya Joe Haldeman, yule Mmarekani mwandishi wa riwaya za kubuni za sayansi, kwa mpango, The Forever War cha 1974, halafu Forever Peace cha 1997, halafu Forever Free cha 1999, na hajaelewa vipi yule Mandella, askari wa vita vya anga za juu wa kitabu cha kwanza, kapotea katikati kisha karudi. Hajapotea yakhe! Hicho cha katikati ni hadithi mbali kabisa, watu wengine, vita vyengine, majina ya vitabu tu ndo yanafanana. Ukitaka habari za Mandella, ukimaliza cha kwanza ruka mpaka Forever Free.

Na jengine, wengi wanadhani kitabu cha mwisho lazima kiwe na mapigano kuliko vyote. Humu vita vimeshakwisha zamani. Mandella na mkewe Marygay wanakaa kwenye sayari ya baridi kali, wana watoto wawili, na wamechoka na dunia isokuwa yao tena, maana kule kusafiri vitani karibu na kasi ya mwanga wao walizeeka miaka michache tu huku nyumbani imepita zaidi ya 1,000. Sasa wanataka chombo waondoke, miaka 10 yao iwe 40,000 ya waliobaki. Haldeman mwenyewe alipigana Vietnam akajeruhiwa, mie naona ndo maana khasa ile hamu ya kuondoka inauma vile. Nlipomhadithia mama aliacha kukuna nazi, mbuzi bado kaikalia, akauliza, "Na hao watoto wanawaacha na nani?"