Hakuandika Peke Yake, Wala Hakuwa Mpiga Chapa

Kila mwezi wa Machi unapokaribia, watu wanaojua kwamba kazi yangu ni kuandika programu za vidhibiti vya mitambo hunitumia picha ile ile: Margaret Hamilton, mwaka 1969, amesimama kando ya rundo la majalada lililomfikia kimo, na chini yake maelezo kwamba mwanamke huyu aliandika kwa mkono, peke yake, msimbo wote uliompeleka binadamu mwezini. Haipiti siku akajitokeza mjuaji wa kusahihisha kwamba wanawake wa zama hizo walipiga chapa tu kile kilichobuniwa na wanaume. Kauli hizi mbili zinapingana kwa sauti, lakini zote ni za mtu asiyewahi kujiuliza programu ya chombo cha anga ilitengenezwaje, na nimechoka kuzijibu moja moja.

Majalada yale ni machapisho ya mashine, na kilichomo ni kazi ya timu aliyoiongoza Hamilton katika maabara ya chuo cha MIT iliyounda mfumo wa uongozaji wa Apollo, mpango wa Marekani wa kwenda mwezini. Mikono ilihitajika kwingineko. Katika kiwanda cha Raytheon mjini Waltham, Massachusetts, wanawake walifuma programu iliyokwisha kukamilika kwa kupitisha nyaya katika pete ndogo za sumaku: waya ukipita ndani ya pete ni moja, ukipita nje ni sifuri. Kompyuta ya chombo ilikuwa na maneno (vipande vya data vyenye ukubwa sawa) 36,864 ya kumbukumbu iliyofumwa namna hiyo na 2,048 tu ya kumbukumbu inayofutika, na kosa lililokwisha kufumwa lilisafiri na wanaanga.

Linaloniudhi hasa ni masimulizi ya tahadhari 1202, onyo lililotolewa na kompyuta hiyo. Inasemekana kwamba tarehe 20 Julai 1969, Eagle, chombo cha Apollo 11 cha kutua mwezini, ikikaribia kutua, kompyuta iliharibika na msimbo wa Hamilton ukaiokoa. Kompyuta haikuharibika. Rada ya kutafutia chombo mama ilikuwa imewashwa katika hali ambayo umeme wake na umeme wa rejea wa kompyuta, yote ya hezi 800, ulilingana kwa masafa bila kulingana kwa awamu, hivyo saketi zilizounganisha rada na kompyuta zikadhani antena inayumba, na zikaanza kumwaga mipigo katika vihesabio viwili, kila kimoja hadi mipigo 6,400 kwa sekunde. Kila mpigo huiba mzunguko mmoja wa kumbukumbu, yaani takriban mikrosekunde 11.7. Zidisha mwenyewe: karibu asilimia 15 ya muda wa kompyuta ilikuwa ikipotea bure, tena katika hatua ya safari iliyokuwa na nafasi finyu kuliko zote.

Hesabu za uongozaji zilipangwa kuanza kila baada ya sekunde 2. Ya kwanza ikiwa haijamalizika, ya pili ilianza juu yake na kushika sehemu yake ya kumbukumbu ya muda, mpaka sehemu hizo zikaisha, na msimamizi wa kazi, yaani programu inayoamua kazi ipi ifanyike kwanza, akatoa tahadhari 1202, na baadaye 1201 ambayo ni ndugu yake. Kilichofuata ni kuanza upya kwa makusudi: kazi zisizo za lazima, kama onyesho la takwimu ambalo mwanaanga Aldrin alikuwa ameliomba, zilitupwa, na kazi za kuongoza chombo zikaendelea kutoka pale zilipokuwa zimefikia na kuhifadhiwa. Hayo ndiyo yaliyowapa Jack Garman na Steve Bales, wahandisi wa kituo cha udhibiti kule Houston, msingi wa kusema safari iendelee.

Basi sifa ni ya nani? Msimamizi yule wa kazi, aliyezipanga kwa kipaumbele, ni ubunifu wa J. Halcombe Laning wa maabara ile ile ya MIT. Kinga ya kuanza upya ilipita katika mikono mingi, kwa sababu kila sehemu ya programu ilipaswa kutaja mahali ambapo inaweza kurudiwa bila madhara. Hamilton alisimamia programu za safari, na maonyesho ya kipaumbele, yanayokatiza skrini ya mwanaanga ili kumwonya, yalikuwa kazi yake. Anayempa Hamilton yote amewafuta wenzake, na anayempa Laning yote hajawahi kuunganisha sehemu zilizoandikwa na watu tofauti akaona zinavyogombana.

Nina shaka moja ambayo vitabu vya kiada huipita kimya. Kupanga kazi kwa kipaumbele husifiwa kana kwamba siku ile ilimaliza ubishi, ilhali katika vyombo vya Space Shuttle, vyombo vya anga vya NASA vilivyofuata baadaye, programu kuu ilifuata kipaumbele na ile ya akiba ikafuata ratiba isiyobadilika. Wahandisi wenye akili hawakukubaliana. Mimi mwenyewe huchagua ratiba, kwa kuwa ni rahisi kuijaribu, na ningesita kuijenga hoja yangu juu ya dakika chache za bahati na maandalizi.

Sasa turudi kwa yule mjuaji anayesema wanawake walipiga chapa tu. Annie Easley aliajiriwa mwaka 1955 kwenye maabara ya utafiti wa anga ya Cleveland, Marekani, kufanya hesabu kwa mkono, kisha akaandika programu, zikiwemo za roketi ya Centaur. Dorothy Vaughan katika maabara ya NASA ya Langley alijifunza Fortran, lugha ya kuandikia programu, na kuwafundisha wenzake. Waliozijua hesabu ndio walioziingiza katika mashine.

Kuhusu Hamilton, mpiga chapa haombi kubadilisha muundo. Binti yake Lauren, akichezea kifaa cha majaribio, aliita programu P01, ya maandalizi kabla ya kuruka, wakati safari ya kuigiza ilikuwa ikiendelea, na mfumo ukaanguka. Hamilton akataka kinga iwekwe dhidi ya kosa hilo; akajibiwa kwamba wanaanga wamefunzwa vizuri na hawatalifanya. Desemba 1968, katika Apollo 8, mwanaanga Jim Lovell aliita P01 kimakosa, kumbukumbu ya mwelekeo wa chombo ikavurugika, na ikabidi apime upya nyota ili kuirejesha. Baada ya hapo Hamilton aliruhusiwa kuiweka kinga yake.